Mayai Bila Kijiti

Vermont, 6 Aprili

Mwanangu Marnie,

Hujambo? Joto la Arizona halijakukausha? Mimi mzima, nyonga tu inalalamika, na usingizi sina. Jana usiku mvua ilinyesha, tukatoka wale tunaojitolea, tochi na ndoo mkononi. Tumevusha salamanda arobaini na mmoja, vijusi vyetu vya kutaga madimbwini, barabarani wasikanyagwe na magari. Lakini kwenye dimbwi la mama yako hajafika hata mmoja! Mkaguzi, Bi. Pruitt, anakuja Ijumaa ya tarehe 18. Asipoona mayai ataandika kwamba ni maji ya theluji tu, na wajenzi wataruhusiwa kulifukia Juni. Mama yako aligundua dimbwi lile mwenyewe, akalihesabia mayai kila mwaka, akiandika daftarini, mpaka anafariki. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani.

Baba yako

Tucson, 8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi salama. Hebu tulia, utaivunja hiyo nyonga bure! Bado siku kumi. Na unakula lakini? Kahawa si chakula.

Mwanao Marnie

13 Aprili

Marnie,

Yamepatikana! Mabonge kumi na moja ya mayai! Picha hiyo hapo. Sina la kuongeza.

Baba

13 Aprili, jioni

Baba,

Shikamoo. Nimeitazama picha mpaka macho yameniuma. Mama alinifundisha nikiwa na miaka saba: jike hubandika mayai yake kwenye kijiti majini. Haya yamelala chini juu ya majani, kama uji uliomwagika. Umeyabeba kwa ndoo kutoka dimbwi la ng'ambo ya barabara, siyo? Nimekasirika. Bi. Pruitt akigundua, madaftari yote ya Mama yatatiliwa shaka, kazi ya miaka kumi na tisa! Yarudishe, Baba. Tafadhali.

Marnie

19 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nisamehe kwa kimya, aibu ilinifunga mikono. Niliyarudisha yote usiku uleule. Jana Bi. Pruitt alipokuja nikamweleza kila kitu. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Alizunguka dimbwi, akaandika "hakuna", akafunga faili.

Sasa sikia. Leo kabla ya alfajiri mvua imenyesha. Nikaenda na tochi, nikijiambia naenda kuaga tu. Salamanda wamejaa, Marnie! Wananipita juu ya viatu! Dimbwi lile liko kivulini, barafu yake huyeyuka mwisho. Nilijua, haraka ndiyo iliyonisahaulisha. Lakini nani ataniamini sasa? Si mimi ndiye mzee wa ndoo?

Baba yako

19 Aprili, mchana

Baba,

Shikamoo. Mimi nakuamini. Lakini usiguse hata jani! Nimepata ndege ya kesho. Wakishataga tutapiga picha mayai yakiwa kwenye vijiti vyake, na Jumatatu tutakuwa mlangoni kwa Bi. Pruitt kabla hajavua koti. Utaongea wewe. Ulimwambia ukweli ulipokuwa unakuumiza, hawezi kuwa amesahau.

Nitolee koti la mvua la Mama. Na hiyo ndoo ifiche.

Mwanao Marnie