Kiganja Kilichozidi

Jumatatu, 3 Machi
Aibu leo. Nyapara kahesabu ringi za chuma za nguzo niliyofunga — kumi na tano. Zilitakiwa kumi na saba. "Mzee, siku hizi unakula vyuma?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini.
Miaka kumi na miwili nafunga nondo bila futi ya kupimia. Kila nafasi ya kiganja kimoja, ringi moja. Kiganja changu ni sentimita kumi, hata mafundi wengine hukiazima. Wakanipima. Kumi na moja na nusu! Nyapara akaacha kucheka. Nina miaka arobaini na moja. Nani anakua umri huu?

Jumatano, 5 Machi
Nimefumua kazi yangu mwenyewe, waya kwa waya. Kichwa kinauma kama kawaida. Mpiga plasta ninayelala naye chumba kimoja huniita Beleshi kwa sababu ya mikono. Leo hakutania. Kasema buti zangu za zamani zilizonibana anavaa yeye, na yeye ni pandikizi la mtu. Kweli. Pete niliivua mwaka jana kwa sabuni. Meno yameachana. Nilidhani ni kazi. Kazi hukuza mikono — haikuzi taya!
Mke wangu kaomba tena anione kwenye simu. Nimesema kamera mbovu. Miezi saba sasa, kamera mbovu.

Jumatatu, 10 Machi
Majibu ya vipimo nilivyofanya Ijumaa hospitali. Daktari ni binti mdogo, ananiita baba. Kaomba picha yangu ya zamani. Ninayo moja, ya harusi. Akaishika karibu na uso wangu.
Kasema nyuma ya pua, chini ya ubongo, kuna tezi kama punje ya kunde. Pituitari — nilimwomba aniandikie. Yenyewe haibebi mzigo, inatoa amri tu. Inatuma homoni kwenye damu, na tezi ya shingoni inaamka. Figo nazo zina vikofia juu, kumbe ni tezi, zinamsikiliza huyo huyo. Maziwa ya mama, kimo cha mtoto, hata mambo ya chumbani! Nikasema, basi ni nyapara. Akacheka. "Ndiyo baba, ila wako ameota uvimbe."
Si saratani. Lakini uvimbe unamwaga homoni ya ukuaji bila kumsikia mtu. Mifupa mirefu ilishafunga, kwa hiyo sirefuki — napanuka. Tena unabana mishipa ya macho. Ndiyo maana sioni pembeni, nagonga milango kwa bega.
Watautoa kwa kupitia puani. Ukibaki, naweza kupofuka. Mikono itanywea kidogo. Mifupa ya uso haitarudi.
Haitarudi.

Jumanne, 11 Machi
Nyapara kanikataza kupanda juu. Nimeshinda chini nanyoosha waya.

Jumamosi, 15 Machi
Operesheni Jumatatu. Daktari kasema nisiingie kabla mtu wa nyumbani hajajua. Nimekaa kitandani saa nzima na simu. Mwisho nikapiga, kamera wazi.
Kapokea binti yangu. Nilimwacha ana miaka mitatu, sasa sita. Kaniangalia. Nikamwita jina lake la utani, kwa sauti hii nzito ya siku hizi. Akageuka: "Mama! Kuna babu kwenye simu."
Mke wangu kaja anafuta mikono. Akaichukua simu, akaisogeza karibu. Nikaanza kueleza, kunde, nyapara, pua. Akasema, "Ngoja." Akalaza simu mezani.
Bado sijakata. Naandika huku nasubiri. Naona dari yetu tu. Namsikia — analia, au anavuta droo, sijui. Katikati naona vizuri, pembeni lazima nigeuze kichwa. Nimegeuza. Kwenye kona kuna doa kubwa la mvua, na bati limeachia. Ni la siku nyingi, limeshakuwa jeusi. Kila Jumapili mke wangu huniambia nyumba ni nzima, haivuji.
Nyayo zake zinarudi. Naweka kalamu.