Yaya, Mwanao Kasema Tukuzike Huku

Yaya wangu,

Mwanao Jocelyn amepiga simu asubuhi hii, na jibu lake ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Tangu Jumapili, ulipoanguka jikoni wali ukiwa bado motoni, umelala kwenye baridi ya hospitali, nasi tulikuwa tukingoja Jocelyn atuambie mwili wako usafirishwe lini kwenda kwenu Dapugan, visiwani mashariki ya mbali. Baba alishasema gharama zote juu yake. Sasa Jocelyn anasema usisafirishwe. Tukuzike hapa hapa Maskati.

Niache nianze mbali kidogo. Sijazoea kukaa na jambo zito bila ya kukusumbua nalo.

Ulipoingia nyumba yetu ya mtaa wa Hail nilikuwa sijaota meno. Jocelyn naye alikuwa hajaota. Tulikuja kugundua baadaye kuwa tumezaliwa mwezi mmoja. Bibi, mzaliwa wa Unguja asiyekubali kuzeeka kwa lugha nyengine, alikusemesha Kiswahili tangu mlangoni, nawe ukadhani ndicho Kiarabu ulichoambiwa na wakala ujifunze. Ukajifunza kwelikweli. Siku ya kwanza kutumwa madukani Hamriya peke yako ukamsimamia mwenye duka: "Nazi ziko wapi, na usinipe mbovu." Yule bwana akakutazama tu. Mteja wa Kiomani pembeni naye akakutazama. Ulirudi umenuna, mikono mitupu.

"Bibi, umenifundisha nini mimi?"

Bibi alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Nnakufundisha lugha ya watu, mwanangu. Hicho Kiarabu utakiokota njiani."

Na kwa lugha hiyo ukanipa mji wako. Baada ya chakula cha mchana, nyumba ikilala, ulikuwa unanilaza ubavuni na kunitembeza Dapugan nzima mpaka usingizi unishike. Tulianzia gatini. Mlima nyuma, bahari mbele, na mji umebanwa katikati na barabara yake moja. Mbata za nazi zimeanikwa juu ya lami, magari yanazikwepa. Kanisa la mawe ya matumbawe lisilo na mnara, kwa sababu mnara ulibebwa na dhoruba kabla mama yako hajazaliwa. Uwanja wa mpira wa kikapu wenye paa, ambamo watu hukimbilia upepo ukija, na ambamo maiti hulazwa upepo ukishapita. Soko la samaki na la nguruwe. Hapo ulikuwa ukishusha sauti Bibi asisikie. Mwisho makaburi, ufukweni kabisa, wafu wamepangwa mmoja juu ya mwenziwe ukutani mithili ya droo za kabati.

Nikakuuliza siku moja nitaijuaje nyumba yenu. Ukasema mjini kwenu nyumba za matofali ndizo ambazo mama yuko nje ya nchi, na nyumba za mbao ndizo ambazo mama yuko ndani. Yenu ilikuwa ya matofali. Mimi mtoto, nikakupongeza.

Nilikuwa na miaka saba tufani lilipoipiga Maskati na wadi, lile bonde kavu la mto, likashuka na magari ya watu. Kabla redio haijasema neno, ulishapandisha juu mchele, maji na dawa za Bibi. Ukanifunga mgongoni kwa kanga nami mkubwa mzima, Bibi ukamshika mkono, ukatufikisha darini. Ulikuwa ukiniambia sikioni: "Bahari ikijirudisha nyuma, watu huenda kuokota samaki. Wewe usiende. Panda juu."

Miaka ikapita, zamu ikawa ya Dapugan. Viwanja vya ndege vilifungwa, simu zikafa. Ulipiga pasi kanzu za Baba zilizokwisha kupigwa pasi. Habari ilipokuja, Jocelyn alikuwa hai na mama yako hajapatikana, na mpaka leo hajapatikana. Ulipoweza kwenda, ulikaa wiki mbili ukarudi, kwani nyumba ilitaka kujengwa upya na mshahara ulikuwa huku. Hukunitembeza tena mjini kwenu baada ya hapo. Nami sikuthubutu kuomba.

Basi leo, nilipomwambia Jocelyn kuwa siku zote ulitaka kulala pale ufukweni na wakubwa zako, alicheka kicheko kikavu. Tulikuwa tunasema Kiingereza, lakini nitakupa kwa lugha yetu.

"Pale wapi? Makaburi nusu yameliwa na bahari. Serikali imetuhamishia mlimani, na huku mlimani hajapata kukaa. Waliomjua wamekwenda na maji. Nani atamlilia?"

Nikajitia kumkumbusha. Nikataja gati, mbata barabarani, kanisa lisilo na mnara. Akanikatiza.

"Hayo yote alikusimulia wewe? Mimi aliniambia nisome, nile, nisali. Halafu simu inakatika."

Akaendelea, polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza: maji yalipokuja alipanda darini peke yake. Kisha akauliza kama ni kweli kuwa tufani la Maskati ulinibeba mgongoni. Nikamjibu ni kweli.

"Basi mzike wewe," akasema.

Nitakwambia wazi. Tangu Jumapili nilikuwa nikimwomba Mungu usiondoke. Makaburi ya Wakristo si mbali kwa gari, ningekuja kila Ijumaa, ningefagia, ningekusimulia mambo ya kazini. Dua yangu imeitikiwa, na sijapata kukichukia kitu nilichokiomba namna hii. Nimempigia tena Jocelyn kumbembeleza. Hapokei.

Kesho asubuhi padri atakusomea, nasi tutasimama jua kali juu ya mchanga na kokoto ambazo hazijawahi kuota mnazi. Bibi kasema atakuja japo kwa kiti cha magurudumu. Watu watanipa mkono wa pole kama mfiwa, na nitaupokea, maana hakuna mwengine wa kuupokea.

Kila nilipokuandikia ujumbe nilimalizia kwa neno "mwanao", nawe ukafurahi, na sote wawili hatukuona tatizo. Leo nimeliandika, nikalikata. Lina mwenyewe, na yeye hakupewa nafasi ya kulitumia.

Lala, Yaya. Mungu wako na wangu akupokee.

Mimi,
mtoto wa watu uliyemlea