Nyota Yenye Kasoro Begani

Kilburn, Landani
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea na nyingine, maana ya wiki iliyopita sikuileta kwa simu na najua umeihesabu. Goti linakuruhusu kushuka sokoni? Na baridi ya Njombe, imeanza kuuma au bado inawatania tu? Sisi huku tu wazima. Upendo anakula na anarefuka. Pindo la sketi yake ya shule nimelishusha mara mbili mwaka huu. Ila kuna jambo limenikaa kooni, na wewe uliyenifundisha kazi ndiye wa kuambiwa.

Kuna tamthilia moja ya Kinorwei, vipande sita, watoto wa huku wameishika kama dini. Kijana anaacha kazi mjini, anarudi milimani kumtunza bibi yake anayepoteza macho. Ndiyo hiyo tu. Hakuna bunduki, hakuna harusi, theluji mwanzo mpaka mwisho. Mjukuu wako ameitazama mara tisa. Ana picha kumi na nne za yule mwigizaji ukutani. Anajua kusalimia Kinorwei, kushukuru, hata kuomba radhi. Akipewa simu aongee na wewe anaishia "shikamoo Bibi", halafu ananirudishia kama inamuunguza. Sikufichi, huwa naumia.

Basi zikatoka habari kwamba mwigizaji mwenyewe anakuja Landani kukutana na mashabiki. Shabiki wa kweli huvaa sweta la kijivu lenye nyota kama la yule kijana, tena lililofumwa nyumbani. La dukani wanalicheka. "Mama, si wewe ni fundi?" akaniuliza. Mama, niliingia nchi hii na mkasi na futi ya kupimia, leo nina kiduka changu cha kushona chenye mashine tatu, na huyu mtoto wenzake huwaambia niko "kwenye mambo ya nguo". Siku hiyo nikaitwa fundi. Ningekataaje?

Nilikwenda Rayners Lane kwa yule Mhindi muuza nyuzi, mzaliwa wa Moshi. Kuiona picha tu akaangua kicheko. "Dada, hata wewe? Uzi huu wa kijivu wiki hii nimeuza mafungu thelathini na moja. Hawa watu wamepigwa na baridi gani?"

Nilifuma siku kumi na moja, nikihesabu vitanzi kwenye picha kimoja kimoja. Kila nyota ina miale minane, isipokuwa ya bega la kushoto, ina saba. Nikasema, aliyefuma hapa alisinzia. Nikarekebisha. Ndivyo ulivyotulea: kitanzi kikikosewa, fumua, usimvalishe mtu kosa lako.

Nikamkabidhi Alhamisi, mkutano ukiwa Jumamosi. Akavaa, akasogea kwenye kioo, akaanza kulia.

"Umeirekebisha nyota!" akasema, kwa Kiingereza chake.

"Si ndiyo kazi yangu?"

"Mama, ule mwale haupo kwa sababu bibi yake alikuwa haoni tena! Ni sweta lake la mwisho. Kila mtu anajua. Watasema hata sijaitazama!"

Nafuma masweta tangu nina miaka tisa. Sijawahi kuambiwa nimekosea kwa sababu sikukosea. Nikamjibu vibaya, nikamwambia akamwombe huyo Mnorwei wake amfumie. Akajifungia chumbani, na asubuhi akaenda shule bila kuniaga.

Ijumaa nilifunga duka mchana, nikaitazama hiyo tamthilia. Vipande viwili vya mwisho tu, dakika tisini na mbili. Bibi kizee anafuma kwa kupapasa. Akimaliza bega anauliza, "Limekaa sawa?" Kijana anaiona kasoro, anajibu kwamba limekaa sawa. Nilikufikiria wewe na ile miwani unayokataa kuibadilisha. Nililia kuliko mtoto.

Upendo aliporudi alinikuta nimeshafumua mistari ishirini na sita. Lakini mikono yangu iligoma, Mama. Mara mbili nilifuma nyota ile, mara mbili nikatoa miale minane. Vidole havijui kukosea kwa makusudi.

"Lete," akasema, akaketi ubavuni kwangu. Hajawahi kushika sindano za kufumia. Mimi namhesabia vitanzi, yeye anarudia nyuma yangu: sita, saba, nane, ngoja Mama, nane. Alitumia saa tatu kwa kazi yangu ya dakika arobaini, nami nimeikalia mikono isimpokonye. Alipomaliza nyota ilikuwa na miale sita.

"Umepoteza miwili," nikamwambia.

"Niache, Mama."

Jumamosi mbele yetu kwenye foleni walikuwa watu mia mbili na wanane, karibu wote wamevaa lile sweta, wakikaguana mabega kama mapolisi. Mwingereza mmoja, mama wa rika langu, akamwinamia Upendo. "Lako limekosewa, mpenzi. Unatakiwa kukosekana mwale mmoja, siyo miwili."

Nilishafungua kinywa nimpashe. Upendo akaniwahi. "Mmoja ni wa bibi yake. Mwingine ni wangu. Mama alikuwa ananihesabia." Yule mama akalishika bega lile taratibu.

Mwigizaji? Alisaini, akatabasamu, sekunde saba. Saa nne za foleni kwa sekunde saba, na mjukuu wako ametoka pale anatembea kama ameolewa!

Leo amelivaa kanisani. Mama wa Kikongo wa kwaya, mteja wangu tena mkubwa, akaninong'oneza: "Mama Upendo, bega limeharibika, hukuona?" Mbele yake wateja wangu wengine wanne, wote macho begani. Kulifumua na kulirudishia ni kazi ya kabla ya chai. Nikamjibu, "Amelifuma mwanangu," nikafungua kitabu cha nyimbo.

Lakini niambie kweli, Mama. Sweta la kwanza nililokufumia, ukalivaa Pasaka mbele ya usharika mzima, lilikuwa na makosa mangapi? Maana sikumbuki ukilifumua.

Wasalimie kaka na mkewe, shangazi yangu mwenye bustani ya viazi, na mama mdogo, mwambie nguo yake ya kitenge nimeikata tayari. Upendo ameketi hapa anaomba umtumie kipande cha ule uzi mweusi unaofumia masweta ya shule, ajifunzie kufuma. Nimemwambia akuombe mwenyewe kwa simu.

Akupendaye, mwanao wa tatu,
Rehema