Muulize Usilolijua

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9 Juni, alasiri.

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha moshi wa vyuma kimekuachia, na kwamba ile miwani ya kazi uliyoilalamikia wameshakubadilishia. Mama anauliza kama unakula kabla ya kuingia zamu au bado unakunywa chai tupu na kuiita chakula. Nimemwambia unakula. Usiniumbue.

Sisi huku wazima. Goti la Mama limetulia, siku hizi anatembea mpaka getini bila fimbo, na fimbo anaiacha makusudi pale jirani atakapoiona. Mkeo hajambo, ana kazi za watu mpaka cherehani inapata moto. Binti yako Chiriku naye hajambo, jino la mbele limeng'oka na anapitisha ulimi pale kutwa nzima. Nimeandika hajambo, kalamu ikasita. Hapo ndipo salamu zangu zinapoishia.

Barua hii atakuletea mwenzako fundi umeme, anarudi kazini Jumanne. Najua ningeweza kupiga simu. Lakini simu ya nyumba hii unaijua, ikilia tu inawekwa spika na kila mtu anavuta kiti. Na wewe ukikasirika hugombi, unanyamaza, na kimya chako hakuna anayekiweza. Ndiyo maana naandika. Nakuomba uisome umekaa, na uimalize kabla hujampigia mke wako.

Sitazunguka. Usimpeleke Chiriku kwenye usaili wa shule ya bweni Jumamosi hii. Hajui jedwali la kuzidisha. Majibu unayoyasikia kila jioni si yake.

Alhamisi nilikwenda kumchukua shuleni. Mwalimu wake wa hesabu, yule mrefu ambaye vumbi la chaki halimtoki kwenye mikono ya shati, aliniita pembeni, karibu na bomba la maji.

"Shangazi mtu, hebu niambie. Kwenu kuna mtu anayependa kusimama nyuma ya watu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba akimuuliza Chiriku swali la hesabu, mtoto hamtazami mwalimu wala ubao. Anatazama nyuma ya bega la mwalimu, mlangoni, na kusubiri. Mwalimu ameshageuka mara nyingi kuangalia nani yuko pale. Hakuna mtu. Na mtoto asipomwona huyo mtu, hasemi neno, anainama na kuanza kuvuta uzi wa soksi.

Jioni ile sikukaa mahali pangu pa kawaida, pale ninapoupa mlango wa jikoni mgongo. Nilikaa dirishani. Simu ilikuwa imeegemezwa kopo la sukari kama kawaida, Mama amejiweka sawa kwenye kiti chake, na sauti yako ikaingia.

"Haya, profesa wangu! Uko tayari au nikupe dakika ya kusali?"

"Niko tayari, baba."

"Saba mara nane?"

Chiriku aliinua macho. Hakuyapeleka kwenye simu. Aliyapeleka mlango wa jikoni, na pale mlangoni alikuwa amesimama mkeo, mikono ina unga. Akaonyesha vidole vitano. Akavikunja. Akaonyesha sita.

"Hamsini na sita, baba."

"Ebo! Huyu mtoto atanitoa jasho!"

"Amerithi kwangu," Mama akadakia. "Upande wa baba yako hakuna kichwa hicho."

Ukacheka, kaka, kicheko kile chako cha kutoka tumboni, na sote tukacheka. Nami nilicheka kwa mdomo huku macho yangu yakiwa mlangoni. Ukauliza tena na tena, na kila mara vidole vilipanda, vikashuka, na jibu likatoka bila kosa. Ukiniuliza binti yako ana kipaji gani, nitakuambia hivi: hakuna mtoto anayesoma vidole kama yeye. Simu ilipokatika, mkeo alijifuta uso kwa kiwiko, kama mtu aliyetua mzigo akijua kesho ataubeba tena.

Nilimfuata jikoni. Sikutaka kumshtaki, nakuapia, nilitaka tu kuelewa.

"Uliona?" akaniuliza kabla sijafungua mdomo.

"Niliona, wifi."

"Basi usinitazame hivyo."

Akanieleza huku akisugua sufuria ambayo ilikwisha takata. Wiki ile ya kwanza ulipoondoka, ulimuuliza mtoto sita mara saba. Akasema arobaini. Ukasema fikiri. Akasema thelathini na sita. Kisha akanyamaza, na wewe ukanyamaza, na kimya kikakaa mezani pale na sisi sote. Halafu ukasema, tena si kwa ukali, "Kwani mnashinda mkifanya nini huko?"

Huenda hukumbuki. Mkeo anakumbuka hata ulivyovuta pumzi. Siku ile alikuwa ameamka gizani, ameshona sare za watoto wa watu mpaka kiuno kikamkatika, na katikati ya kushona amekaa na mtoto na kitabu chake. "Wifi," akaniambia, "swali lile sikuweza kulisikia mara ya pili." Kesho yake mtoto alipokwama, vidole vilipanda vyenyewe. Alidhani ni mara moja tu. Wewe ukasifu. Kesho yake ukasifu zaidi. Angeanzia wapi kuacha?

Kisha ukatangaza usaili, kwa sababu ya majibu hayohayo. Tangu siku hiyo mkeo yupo kwa mwili tu. Juzi alishona mfuko wa suruali ya mteja akauziba mdomo wote. Mteja akamuuliza kama huo ni mfuko wa kuwekea siri. Tungecheka siku nyingine.

Na Chiriku, uliyempa jina hilo kwa sababu hakuwa na breki ya maneno, siku hizi saa yako ikikaribia anakwenda chooni na kukaa huko mpaka aitwe. Ijumaa nilikuwa namsuka. Akaniuliza, "Shangazi, huko bweni mama atakaa wapi?"

Nikadhani ni hofu ya kumkosa mama yake. Nikamwambia mama atabaki nyumbani, watakuwa wakionana likizo.

"Sisemi hivyo. Siku ya mtihani. Atasimama wapi?"

Kitana kiliniponyoka. Kaka, mtoto huyu hajui kuwa anadanganya. Anadhani hivyo ndivyo hesabu inavyofanywa: mtu anauliza, mtu mwingine anasimama mlangoni. Jumamosi ataketi kwenye chumba cha watu asiowajua, atatazama mlangoni, na mlango utakuwa umefungwa.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo hatujawahi kulitaja tangu tuwe watu wazima. Unakumbuka meza ya marehemu baba? Gazeti mkononi, miwani puani, akiniuliza mimi hesabu huku akijifanya anasoma. Nawe upande wa pili ulikuwa ukinigonga mguu chini ya meza. Makumi kwa kisigino, mamoja kwa ncha ya kidole. Sikukosea hata siku moja. Nilikupenda mpaka nikadhani moyo utapasuka. Sikulaumu, ulikuwa mtoto aliyekuwa akimwokoa mtoto mwenzake, kama mkeo anavyomwokoa wake leo.

Lakini hili sijamwambia mtu. Mwaka jana kwenye usaili wa kazi, mbele ya watu watatu wenye suti, waliniuliza kitu kidogo ambacho nakijua usingizini. Nilinyamaza. Mguu wangu ulikuwa unasogea chini ya meza, unakutafuta. Kazi walinipa, walidhani nafikiri. Nilitoka pale nikakaa ngazini, nikajiuliza kichwani mwangu kuna vitu vingapi ambavyo ni vyangu kweli.

Wewe ni fundi wa kuchomelea. Ulinionyesha mwenyewe kiungo kinachong'aa juu huku ndani hakijashika, ukasema hicho ndicho kinachoua watu, kwa sababu kila apitaye anakisifu. Majibu ya kila jioni ni kiungo hicho.

Wala usidhani kichwa chake ni kibovu. Jana mkeo alikuwa na mashati sita ya kumalizia, kila moja vifungo saba. Sikumuuliza Chiriku swali lolote. Nilisema tu kwa sauti, kama mtu anayejisemea, kwamba mama anataka vifungo kutoka kwenye lile kopo na mimi sijui vingapi. Alitandika mashati mkekani. Akaanza kupanga vifungo juu yake, vidogo vidogo, ulimi ukiwa kwenye pengo. Shati la tatu alikosea, akajigundua, akajiambia, "We Chiriku, umelala?" Akavuta pumzi, akaendelea. Alichukua muda mrefu sana. Nilikaa juu ya mikono yangu nisimsaidie. Hatimaye akainuka.

"Arobaini na viwili. Lakini nipe viwili vya akiba, mama huwa anapoteza."

Hakujua kuwa hilo ndilo swali lile lililoanzisha yote. Mkeo alijua. Aliinamia cherehani na hakuinua uso mpaka mtoto alipotoka nje. Na kaka, mtoto alipotoa jibu lile alikuwa akitazama vifungo.

Basi naomba. Simamisha usaili, na gari la kumpeleka ulilomwagiza dereva liahirishe. Chiriku abaki hapa amalize darasa la tatu kwa mwendo wake. Mimi nitakuwa naye, mama yake atakuwa naye, na mwalimu amesema atatupa kazi chache za nyumbani badala ya rundo, mradi azifanye mwenyewe, hata akikosea. Akikosea aache kosa lionekane, ndiyo njia pekee ya mwalimu kujua amekwama wapi. Mkeo usimfokee. Ukitaka kufoka, nifokee mimi, nina ngozi ngumu kwako.

Lakini wewe usiache kupiga simu. Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa kuliko zote, kwamba utaona aibu, useme una kazi, na jioni yetu ikae tupu. Anakuhitaji. Badilisha swali tu. Maswali yako yote majibu yake unayo tayari mkononi, na mtoto analisikia hilo hata kabla hujamaliza kusema. Anajua anapimwa.

Muulize usilolijua. Mlango wa uani unataka wavu wa chuma, umeahidi tangu mwaka juzi. Huna vipimo vyake, nasi hatuna. Mwambie baba hawezi kukata chuma mpaka fundi wake wa nyumbani apime. Muulize upana, urefu, na vyuma vingapi vitatosha ili paka wa jirani asipite. Atachukua utepe wa mama yake na kwenda kupima. Huenda akarudi na namba ya ajabu. Mtume tena. Na akinyamaza, wewe pia ngoja. Kimya chake ni kazi inayofanyika ndani. Usikijaze.

Leo jioni utapiga tena, na kesho, na keshokutwa, barua ikiwa bado njiani. Nitakaa dirishani nikikusikia ukifurahi, na nitashindwa hata kuitazama simu. Sijui kama kuna jambo gumu zaidi ya kumsikiliza mtu umpendaye akishangilia kitu ambacho hakipo.

Nimesimamisha kuandika kidogo. Mkeo ameingia. Nilikuwa nimemwambia asubuhi kwamba nitakuandikia, akaenda kufua nguo ambazo ni safi. Sasa ameomba asome. Nimempa. Amesoma amesimama, akakaa kitandani, akasoma tena toka mwanzo. Pale pa swali lako aliweka kidole kwenye karatasi, akakiacha hapo kwa muda. Nilidhani atanichania barua, na ningemwachia.

Amenirudishia. Anasema niongeze mambo mawili. La kwanza, ule mlango wa uani umepinda, kwa hiyo mtoto apime pande zote mbili na wewe usishangae namba zikitofautiana. La pili, Alhamisi ukipiga simu, barua ikiwa imekwisha kukufikia, mikono yake itakuwa ndani ya beseni la vyombo. Utayasikia maji.

Mama anakusalimu na kukuombea kila asubuhi, hata asubuhi anazokunung'unikia. Yeye hajui lolote kuhusu vidole, na nakuomba abaki hivyo, furaha yake haijamdhuru mtu. Mkeo anakusalimu. Chiriku anakusalimu kwa pengo. Nisalimie wenzako wa kambini, hasa yule mpishi wenu anayekuunguzia uji.

Mungu akulinde na moto unaoushika kila siku, akurudishe nyumbani ukiwa na macho yako yote mawili na subira kidogo zaidi ya uliyoondoka nayo.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
wa upande wa pili wa ile meza.