Gari Yangu Haiendi Skrepa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Imechemsha tena. Kwenye kile kilima kabla ya kuingia Geita, palepale pa wiki iliyopita. Mshale ulipanda kama umesukumwa, halafu mvuke chini ya boneti – pwaa! – abiria wanne wakafungua milango hata sijasimama vizuri.

Watatu walipata usafiri mwingine. Wa nne alikuwa bibi mmoja, Paskazia. Anaishi Katoro, alikuwa anakwenda Geita kumzika mdogo wake. Bodaboda hapandi, nyonga yake mbovu. Magari yalipita yamejaa. Tulikaa kwenye kivuli cha gari saa nzima na nusu, tunasubiri rejeta ipoe. Tulipofika msibani watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinishika mkono tu. "Basi, ng'wanone." Basi, mwanangu.

Nilirudi Katoro polepole, madirisha wazi, hita nimeifungulia yote itoe joto. Jasho lipi, machozi yapi, sijui.


Jumanne, 9 Septemba

Habari ilifika kituoni kabla yangu. Chacha, mwenyekiti wetu wa michomoko – ndivyo watu wanavyoyaita haya magari yetu madogo ya abiria – alinisubiri mbele ya madereva wote. Akaniambia, Mama Masalu, usiiweke hiyo gari kwenye foleni mpaka ipone, inatuharibia jina. Nikasema sawa, ni haki. Na kweli ni haki.

Lakini hakuishia hapo. Gari ya miaka ishirini na sita na dereva mwanamke, eti ni mizigo miwili, kituo hakiwezi kubeba yote. Wakacheka. Wanaume kumi na saba, mwanamke mimi.

"Ya gari nimesikia," nikamwambia. "Ya mwanamke sijasikia vizuri. Rudia."

Hakurudia.

Mchana nilikuwa kwa fundi Ignas. Kaangalia dakika mbili: ni thamostati, inazuia maji, kwa joto la huku haina kazi. Akaing'oa, akaitupa kwenye debe la chuma chakavu. Nikamwacha.


Alhamisi, 11 Septemba

Nimeijaribu bila abiria. Kilima kilekile – imechemsha! Asubuhi sasa inachelewa hata kupata moto, lakini ikianza kupanda, mshale juu. Kumbe thamostati ya watu haikuwa na kosa.

Ignas kabadilisha wimbo. Sasa ni gasketi ya silinda hedi, injini imeungua, imekwisha. Anamjua Theonest, yule anayekata magari mabovu auze spea. Atakuja nyumbani Jumamosi aione. Nikauliza, fundi, umepima nini? Akasema, "Mama, mimi nina uzoefu."

Hakupima kitu! Hata stiki ya oili hakuichomoa.

Miaka sita niliendesha injini ya karasha machimboni, ile ya kusaga mawe ya dhahabu. Dizeli kuukuu, pipa la maji pembeni. Ilipochemsha hakukuwa na wa kumlilia. Tulitafuta. Maji yapo? Yanapita wapi? Yanakwama wapi?

Haya. Na hii ni injini.


Ijumaa, 12 Septemba

Nimeamka mapema, injini baridi kabisa.

Stiki ya oili: nyeusi, haina rangi ya chai ya maziwa, maji hayajaingia kwenye oili. Kifuniko cha rejeta nimefungua, nikawasha – hakuna mapovu. Moshi nyuma si mweupe. Maji hayapungui mpaka ichemshe. Basi hedi ni nzima. Nzima!

Feni inawaka yenyewe. Nimeiacha gari inanguruma uani zaidi ya nusu saa, mshale umetulia. Kwa hiyo si feni. Inachemsha ikikimbia na ikipanda tu. Injini ikitaka maji mengi, hayaji.

Nimeosha rejeta kwa mpira wa bustani, nikipiga maji kutoka upande wa injini kwenda nje. Limetoka vumbi jekundu na mabawa ya panzi. Nikaenda kilimani nina matumaini. Imechemsha. Imechelewa kidogo, lakini imechemsha.


Jumamosi, 13 Septemba

Theonest alikuja na Ignas. Mtu mpole, ana adabu. Lakini aliizunguka gari kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, anagonga mlango, anainama kuangalia miguu. Nikawaambia hakuna anayeuza.

Ignas akasema ukaidi wangu utaniacha barabarani.

"Barabarani nishakaa, fundi. Nimekaa na bibi aliyekosa kumzika mdogo wake. Utanitisha na nini tena?"

Wameondoka. Nikaosha vyombo. Je, kama Ignas yuko sahihi? Kama ninachofanya ni kiburi tu, na siku nyingine nikamwunguza abiria? Nimeogopa, naandika nisijidanganye. Lakini gari yangu haiendi skrepa kwa sababu ya mtu ambaye hakuchomoa hata stiki.


Jumapili, 14 Septemba

NIMEIPATA!

Baada ya misa nilimwita Eunice, jirani yangu muuza dagaa. Hajawahi kushika usukani. Nikamkalisha kwa dereva, gia nimetoa, breki ya mkono juu, mawe kwenye matairi. Mimi boneti wazi, khanga nimeifunga kiunoni kisije kipande kikaenda kwenye feni. Nikamwambia kanyaga taratibu.

Akakanyaga kama anaua nyoka! Injini ikalia, kuku wakatawanyika mpaka kwa jirani. Nikafungua mdomo nimpigie kelele – na hapohapo nikauona. Mpira wa chini wa rejeta, ule unaorudisha maji kwenye injini. Ulijinyonya ndani. Ukabonyea, bapa kabisa, maji hayana pa kupita. Achia! Ukajaa, mviringo, kama hakuna kilichotokea. Kanyaga! Bapa.

Tukafanya mara nne, nisije nikawa nimeota.

Ndiyo maana hakuna aliyeuona. Gari ikisimama unaona mpira mzima, mpole. Ikikimbia unajikaba koo. Baada ya kupoa nimeuchomoa. Ndani unatakiwa uwe na springi ya kuushikilia. Yangu imeliwa na kutu, zimebaki chenga nyekundu. Maji ya kisima. Miaka yote nimejaza maji ya kisima badala ya kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu. Hilo si la Ignas. Ni langu, nalibeba.

Eunice alikuwa bado kaganda kwenye usukani. "Nimeharibu?"

Nilimkumbatia palepale dirishani.


Jumatano, 17 Septemba

Geita mjini, kwa basi. Mpira mpya wenye springi, kifuniko kipya cha rejeta, thamostati, kulanti. Duka la kwanza walinipa mpira "unaofanana". Nikaubinya mbele ya muuzaji – laini kama andazi. Nikamrudishia. Duka la pili waliniita mama fundi kabla sijafungua mdomo. Sijui walinionaje.

Bibi Paskazia bado yuko msibani. Nikapita. Shikamoo, marahaba, tukakaa kwenye mkeka. Nilikuwa na mpira wa zamani kwenye mfuko, nikamwonyesha, nikamweleza yote, na maji ya kisima pia. Aliupapasa muda mrefu.

"Kitu kidogo hivi?"

Mdogo wake aliitwa Apolonia. Walilelewa mgongo mmoja, mama yao alikuwa anawabadilisha. Alinisimulia, nikasikiliza. Hilo tu ndilo ningeweza.

Nikiaga akasema Jumamosi anarudi Katoro na anataka nimchukue mimi. Bibi, huogopi? Akasema anaogopa bodaboda.

Jioni nimefunga kila kitu mwenyewe. Thamostati nimeipika kwanza kwenye sufuria – ilifunguka maji yalipokaribia kuchemka. Nzuri. Ngozi ya vidole viwili imebaki kwenye klipu ya kubana mpira.


Alhamisi, 18 Septemba

Kilima mara tatu. Eunice mbele, magunia ya mawe nyuma. Mchana wa jua kali, makusudi.

Mshale katikati. Katikati. Katikati!

Mara ya tatu Eunice alianza kuimba. Nikamwambia nyamaza kwanza, nisikilize injini. Kisha nikaimba na mimi.


Jumamosi, 20 Septemba

Kituoni. Saa mbili na nusu asubuhi. Naandika daftari likiwa juu ya usukani, herufi zinaruka kwa sababu injini inawaka.

Nimeingia kwenye foleni, zamu yangu. Chacha kaja mbio: nani kaniruhusu? Ignas kawaambia hedi imekufa, injini imekufa, kila kitu kimekufa. Nikashuka nikamwonyesha mpira wa zamani, nikaubinya. Akasema yeye si fundi, haangalii mipira.

Basi usiangalie, nikasema. Panda. Wewe mbele, wenzako watatu nyuma, tunakwenda Geita bila kusimama, kilima na yote. Ikichemsha nakukabidhi ufunguo hukohuko, umwite Theonest. Isipochemsha nabaki kwenye foleni, na zamu yangu haijadiliwi tena.

Mama wa chapati kaacha chapati yake inaungua. Bodaboda wamejaa. Chacha anasema ana kazi, hana muda wa kupanda magari ya watu. Sauti imetoka nyuma, sijui ya nani: "Panda, mwenyekiti!" Sasa wanasema wengi.

Wamepanda watatu. Hawajaombwa mara ya pili! Wanagombania dirisha. Mmoja kaegemea mbele, anauangalia mshale, anawaambia wenzake uko katikati.

Bibi ananisubiri saa nne. Chacha amevua kofia, ameishika mkononi, anaangalia mlango wa mbele nilioufungua. Anamwangalia mama wa chapati. Anaangalia barabara.

Sizimi injini.