Sauti Isiyo na Tarehe

Kalemie, tarehe 11 Novemba 2017

Kwako Papa mpendwa,

Nakusalimia kwa heshima yote ya mtoto mbele ya mzazi wake, na kabla sijasema langu nauliza hali yenu. Je, mguu wako uliovimba mvua zilipoanza umepungua? Kikohozi cha Mama kimemwacha apumue? Na ile mihogo ya ng'ambo ya mto, mmeiondoa au nguruwe pori wamewatangulia kama mwaka jana? Mimi huku ni mzima wa mwili. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya, na barua hii nimeikalia siku tatu kwa sababu sitaki kukudanganya humu hata kidogo.

Nimechoka, Papa. Najua utasema mtu anayekaa kutwa juu ya kiti mbele ya mashine hana haki ya kuchoka, na kweli sina jembe la kukuonyesha. Lakini mji wenyewe umechoka. Toka barabara ya Lumumba mpaka Katanika ni mahema, makarai ya maji na watu waliokaa tu. Kila wiki wanaingia wakimbizi wengine kutoka njia ya Nyunzu, na sisi wenyeji tumefika mahali pa kuwaangalia bila hata kuuliza wametoka kijiji gani. Ukiona hivyo ujue mioyo imeisha nguvu.

Barua yako imenifikia kupitia nahodha wa boti, nikaielewa vizuri. Umeniagiza niwalete Mpala watoto wawili wa yaya Télesphore, kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, na kwamba mama yao Mujinga abaki hukohuko alipo. Umesema ukoo hautamwondolea matanga mwanamke aliyemwita mume wake akafe. Nimekusikia. Ila ujue agizo hilo linafanya nini huku. Toka Septemba Mujinga analala chini. Nywele zake hazijaguswa. Alikuwa anasuka watu pale site ya mahema, Katanika, sasa hakuna mwanamke anayeweka kichwa chake katika mikono ya mjane ambaye wakwe zake hawajamwachilia. Na watoto wakipanda boti bila yeye, hatabaki na kitu chochote duniani.

Basi naomba unipe nafasi nikueleze kazi yangu, ambayo sijawahi kukueleza sawasawa. Wewe hupenda kuwaambia watu kwamba Ruphin anafanya kazi ya redio. Si redio, Papa. Kuna vipindi vya kusikiliza ambavyo watu hurekodi na kuviweka kwenye mtandao; wanaviita podikasti. Vinakaa pale, na mtu anaweza kuvisikiliza leo au mwaka ujao. Viko vingi mno, na watu wetu hawajui waanzie wapi. Ukiwafungulia orodha ndefu wanaiangalia, megabaiti zinaisha, wanafunga simu hawajasikia hata neno moja.

Mimi nikatengeneza ukurasa wenye kitufe kimoja tu kikubwa, kimeandikwa "Nipe sauti". Unabonyeza, mashine inakuchagulia yenyewe, bila wewe kujua itakuletea nini. Ni kama mtu anayetia mkono ndani ya kikapu bila kuangalia. Mara ni muuguzi wa Kigoma anaeleza homa ya watoto, mara ni vijana wa Bukavu wanagombana juu ya mpira, mara ni bibi anayefundisha kukausha vitunguu. Humo humo tulitia na sauti za wakimbizi wetu. Mwenzangu wa biro, pale ofisini, Sabrina, binti wa wale Waislamu wenye duka la nyavu karibu na bandari, ndiye aliyezikusanya. Mwezi wa tatu alipanda lori la msaada mpaka Nyemba, akarudi na sauti arobaini za watu wakieleza walivyokimbia. Majina hakuandika. Watu waliogopa kutaja majina, na katika vita hii ya mishale na moto nani angewalaumu.

Niseme kweli, nilijivunia ule ukurasa. Network yetu unaijua, inakuja na kuondoka inavyotaka, na mimi nilifanya kila kitu kiwe chepesi ili kifunguke hata kwenye simu ya shida. Nikaondoa picha. Nikaondoa maelezo. Nikaondoa na tarehe. Sabrina alikataa. Aliniambia watu wetu wamezoea komunike za redio, yale matangazo ya misiba na safari, na komunike ikisomwa ni ya leo, haiwezi kuwa ya mwezi uliopita. Wewe mwenyewe, Papa, uliwahi kusikia komunike ya msiba wa Moba ukiwa unakunywa uji, ukaacha bakuli hapo hapo ukaenda, ukafika kabla ya maziko. Hukuuliza ilirekodiwa lini. Nikamjibu Sabrina kwamba tarehe inaongeza uzito bure. Hiyo ilikuwa sababu ya mdomoni. Sababu ya moyoni nitaisema.

Mwezi wa saba ukurasa ulianza kufanya kazi, na pale Katanika ukapendwa kuliko tulivyotazamia. Watu walijikusanya kumi, kumi na tano, juu ya simu moja, kila mmoja akingoja zamu yake ya kubonyeza. Yaya Télesphore alikuwa mmoja wao. Unakumbuka alifika pale mwezi wa pili na watoto peke yake, baada ya kupotezana na Mujinga usiku walipokimbia kijiji. Miezi sita hakuna aliyejua kama yuko hai. Mwisho wa mwezi wa nane jirani yake akabonyeza, na katika simu akatoka Mujinga. Anasema yuko Nyemba, kwenye uwanja wa kanisa, ni mzima, njia ni salama, na mwenye kumjua mume wake amwambie aje amchukue. Watu wote wa mahema yale walisikia. Ndiyo maana leo hakuna anayebisha kwamba alimwita.

Yaya akataka kuisikia tena, lakini kitufe changu hakirudishi nyuma. Siku mbili alibonyeza. Alipata mpira, alipata vitunguu, alipata mhubiri wa Dodoma, mke wake hakumpata. Siku ya tatu akaja biro kwa mguu. Nilikuwa nimebanwa, kwa sababu wageni waliotupatia mashine walikuwa wanafika kesho yake kutazama kazi. Nikamtafutia ile sauti, nikampa visikilizio. Aliisikiliza mara tatu mpaka mwisho, amesimama, mkono juu ya meza yangu. Kisha akaniuliza, "Ruphin, hii sauti ni ya siku gani?"

Papa, hapa ndipo nimekuwa nikipakwepa tangu mstari wa kwanza.

Tarehe ilikuwa mle ndani ya mashine. Niliifuta usoni tu pa ukurasa; ningebonyeza mara moja ningeiona, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Sikubonyeza. Sikugeuza hata kichwa. Nilimwambia, "Ni ya juzi juzi, yaya. Si unamusikia mwenyewe? Njo yeye, ni Mujinga." Akasema, "Basi niende." Nikasema, "Enda." Nikarudi kwenye kazi yangu. Kesho yake alfajiri akaondoka kwa baiskeli na wanaume wawili kwa njia ya reli. Nyemba ilikuwa imeshahamwa tangu mwezi wa sita, hakuna mtu pale isipokuwa wenye mishale. Unajua habari ya kifo chake ilivyotufikia, na kwamba wale waliomzika walimzika na viatu vyake.

Wakati huo Mujinga alikuwa kule mjini Bendera. Alikimbilia huko kwa miguu Nyemba ilipovunjika, akawa anapikia wafanyakazi wa umeme. Hakumwita mtu aje katika hatari. Aliita mwezi wa tatu, njia ilipokuwa nzima kweli, malori yanapita, na kila neno alilosema siku ile lilikuwa kweli. Alifika Kalemie siku tisa baada ya yaya kuondoka. Watoto walimwambia, "Papa wetu ameenda kukuchukua." Mimi nilikuwepo, na nilitoka nje ya hema.

Sasa ile sababu ya moyoni. Niliondoa tarehe kwa sababu sauti zetu nyingi zilikuwa za zamani, na nilitaka wageni wakibonyeza wadhani tunafanya kazi kila siku. Ni hilo tu. Ni aibu ndogo ya mtu wa biro. Na liko lingine linalouma kuliko hilo. Zile sauti arobaini za Sabrina niliziingiza mimi, mwezi wa nne, bila kusikiliza hata moja mpaka mwisho. Sabrina hakumjua Mujinga; mimi namjua, nimekula kwake miaka. Ningesikiliza, ningemtambua, na yaya angepanda lori na kurudi na mke wake, na leo ungekuwa unanilaumu kwa kutowatembelea.

Na nilikuja kwenye matanga, Papa. Nilikaa karibu yako. Uliposimama mbele ya ukoo ukasema mwanamke huyu amemwita mwanangu kwenye kifo, niliinamisha kichwa. Watu walidhani nalia. Nilikuwa naogopa. Nimeogopa hivyo wiki nane, na hiyo ndiyo imenichosha, si mashine.

Jumapili iliyopita nilimweleza Mujinga yote, mbele ya Sabrina ili nisipunguze kitu. Nilitegemea anitukane. Aliomba kuisikiliza ile sauti. Akasema siku ile alikuwa na mafua, hata inasikika. Akauliza kama kweli Télesphore aliisikia mpaka mwisho, pale anapomwambia kwamba ile kitenge ya ndoa ameiokoa. Nikasema ndiyo, mara tatu. Akafunika uso na nguo yake akalia sana, na mimi pia, na Sabrina akatoka kutuchotea maji. Hakusema amenisamehe na sikumwomba. Kabla ya kuondoka alisema neno moja tu: "Hayo umeniambia mimi. Mimi sikuwa na kosa. Uende umuambie mwenye hukumu."

Sasa kila sauti katika ukurasa wetu inatanguliwa na Sabrina akitaja siku iliporekodiwa. Wanaobonyeza wamepungua. Sina haja nao.

Nilitaka kuja mwenyewe, Papa, na nitakuja. Boti ya Jumatano ijayo nitakuwa ndani, uniamulie utakavyo. Lakini sikutaka jambo hili likufikie kwanza kutoka kinywani mwangu, maana kinywa changu nimekwishakuonyesha kinavyofanya. Katekista ambaye hukusomea barua tangu macho yako yaingie ukungu, nilimwomba safari hii akae pembeni. Mama nilimtumia neno afungue mlango na asiseme kitu. Anayekusomea ni Mujinga.

Najua umemtambua toka salamu. Ikiwa amefika mpaka hapa, basi hukumnyamazisha, na nakushukuru. Yeye anajua kila kilichoandikwa. Amekubali kukutamkia kosa langu kwa sauti yake, hata yale maneno yako mabaya juu yake, ameyasoma. Watoto wako nyuma yake, Laure na mdogo wake, hawajala toka asubuhi. Papa, mwondolee matanga. Kama ukoo unataka mtu wa kubeba kifo hiki, nipo mimi.

Nisalimie Mama, mwambie asijichoshe na ukindu mpaka kikohozi kiishe. Nisalimie shangazi wote na majirani wa upande wa misheni, na wale wanaoniuliza kama nimeoa waambie bado. Mungu akulinde, akupe usingizi.

Na wewe Mujinga, shemeji yangu, ahsante. Hapa ndipo nilipoishia. Mpe Papa hii karatasi mkononi, kisha umwache aseme.

Ni mimi mtoto wako,
Ruphin