Sahani Mbili za Mayai

Chanika, Jumamosi

Kaka Revelian,

Shikamoo. Wifi na watoto wanaendeleaje huko Mwanza, na kile kifua chako kimetulia? Sie huku wazima, kuku wanataga, na shemeji yako Fredrick anakusalimu. Nakuandikia kuhusu Baba, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Tangu aje kwetu, mzee hajagusa yai la kuku wa mume wangu. Anasema la kisasa halina kitu, na yeye la kienyeji analijua hata kwa kuliangalia tu. Si unamjua? Mwalimu wa sayansi mzima, lakini kwa ubishi hajambo! Akikanyaga kifaranga, nasema ubishi, hataki kuonyeshwa njia. Akiliacha gazeti, ubishi. Akikataa kutoka jioni, ubishi huohuo. Fredrick akaanza kununa, mie nikawa katikati, nimechoka kweli.

Basi Jumapili nikamwambia Baba tupime. Alifurahi, akatoa na masharti mwenyewe: mayai yachemshwe sufuria moja, Fredrick ayapasue na kuyapanga, mie nikae nje nisije nikamkonyeza.

Nilipoitwa, sahani mbili zilikuwa mezani. Viini vya huku njano imekolea, vya kule vimepauka, havifanani hata kidogo. Baba akainama, akaangalia weee, kisha akaonyesha vile vilivyopauka, akasema hivyo ndivyo vya kienyeji. Fredrick akacheka. Mie nilishindwa kucheka, maana Baba hakuwa anatania. Nikamuuliza taratibu kama haioni ile njano.

"Kokushubila, mwanangu," akasema, "mie naona ukungu tu."

Kaka, nililia. Dalili zote zilikuwa humu humu ndani kwangu, mie mwenyewe nafundisha baiolojia, ila nilishaamua kwamba Baba ni mbishi, na kila nilichokiona nikakiita ubishi. Naye alishaamua kuwa ni uzee, akanyamaza. Hospitali wamesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na wiki ijayo wanaanza na la kulia. Wametupa matumaini. Nakuomba uje uwepo, anakuulizia kila siku.

Anakusalimu sana. Nimemsomea barua hii yote, nikataka kupafuta pale alipokosea, nisije nikamwaibisha kwako. Amekataa. Amesema matokeo hayafutwi. Akishapona tutapima upya, na mayai utayapasua wewe.

Mdogo wako akupendaye,
Kokushubila